Funguo Mbili kwenye Uzi Mmoja

Kompyuta ya Mwalimu haikuwa na kioo cha kutazama. Kilikuwa kimepasuka na kuwa cheusi kabla hajaipata, na ndiyo sababu hakuna mtu mwingine sokoni Zombe aliyeitaka. Yeye aliitaka. Alisema kioo kinakula betri bure. Kipanya pia hakuwa nacho. Alikuwa na kibodi, hedifoni kubwa zilizofungwa utepe mweusi mahali zilipovunjika, na ile sauti ya kompyuta iliyomsomea kila alichogusa, kwa Kiingereza, kwa kasi ambayo mwanzoni nilidhani ni redio imeharibika.

Nilimsikia kabla sijamwona. Kibanda changu cha kushona sare za shule kilipakana na chumba chake, na kati yetu palikuwa na ukuta wa mabati. Siku ya tatu tangu nihamie pale, alibisha bati.

"Jirani," akasema, "hiyo cherehani yako inamwitikia nani amina?"

"Inashona sketi."

"Basi sketi yako imeingia kwenye mahubiri ya pasta. Nipe dakika nne, halafu ushone mpaka uchoke."

Nikangoja. Dakika nne zilipoisha alibisha tena, mara moja, nikaendelea. Tuliishi hivyo miaka tisa. Aliniita Mama Yunifomu, nami nilimwita Mwalimu kama watu wote, kwa sababu alifundisha shule ya msingi na kwaya kabla presha ya macho haijampofusha. Mambo ya ujana wake siyajui, na sitayabuni. Nitaandika niliyoyasikia kupitia bati na niliyoyaona mlangoni, pamoja na jambo moja nililomfanyia.

Kazi yake ilikuwa kusafisha sauti. Makanisa yalimletea simu na fleshi zenye kwaya, mahubiri, harusi. Lakini kilichofanya ajulikane kutoka kwetu mpaka Tseikuru ni matanga. Huku siku hizi mtu akiugua sana, watu wake humrekodi. Siku ya mazishi, kabla jeneza halijashushwa, spika hufunguliwa na marehemu huongea mwenyewe. Huaga, hushukuru, huwataja watoto wake mmoja mmoja. Tunaiita sauti ya mwisho, na ikianza watu wote husimama. Ila mgonjwa hukohoa, jogoo huwika, simu hulia, na hakuna watakaosimama juani dakika arobaini. Hapo ndipo Mwalimu alipohitajika.

Alifanya kila kitu kwa vibonye. Spesi kucheza, spesi kusimamisha. Mshale wa kulia kusonga mbele kidogo, wa kushoto kurudi. Akifika mwanzo wa kikohozi alibonyeza mabano ya kufungua, akifika mwisho wake alibonyeza mabano ya kufunga, kisha kibonye cha kufuta, na kikohozi kimeenda. Vibonye viwili vya mabano vimekaa bega kwa bega, na vidole vyake vilikuwa vimeanza kufa ganzi kwa sababu ya kisukari. Akawa anakosea. Nilimkatia vipande viwili vidogo vya kitambaa, cha sweta kwa mabano ya kufungua na cha kaptura ya khaki kwa mabano ya kufunga, akavibandika kwa gundi. Alivipapasa mara nyingi.

"Sasa naona," akasema, akacheka peke yake.

Alikuwa na sheria tatu. Ya kwanza, hakufanyia kazi sauti yenyewe, alitoa nakala kwanza, na ile nzima akaiweka mahali pake. Ya pili, hakukata neno la mtu. "Kikohozi ni cha ugonjwa," alisema, "lakini maneno ni ya mwenyewe." Ndugu wawili waliwahi kumjia wakitaka jina la ndugu yao wa tatu liondolewe kwenye shukrani za baba yao. Niliwasikia wakibembeleza, kisha wakitisha. Mwalimu aliwaambia, "Marehemu amemshukuru. Mimi ni nani nimnyang'anye?" Wakaondoka na fleshi yao, na mmoja akapiga teke ndoo yangu ya maji njiani.

Sheria ya tatu nilifundishwa kwa masikio. Siku moja alinivalisha hedifoni zake.

"Msikilize huyu pasta. Amesafishwa mjini. Unasikia nini?"

"Anaongea haraka."

"Hapumui. Wamekata pumzi zote wakidhani ni uchafu. Mtu asiyevuta pumzi hasikiki kama mtu, anasikika kama hii kompyuta yangu." Akachukua hedifoni zake. "Ukikata chochote, Mama Yunifomu, acha pumzi."

Niliona ajabu kuniambia mimi hivyo, mtu wa darasa la nane ambaye kazi yake ni kukata vitambaa.

Watu hawakumwogopa. Waendesha bodaboda walimwita Didjei. "Didjei, utatuwekea ngoma lini?" Alijibu, "Siku utakapokufa. Njoo nikurekodi mapema, sauti yako ni mbaya, itanichukua muda." Wahubiri wageni walipenda kumwekea mikono wamwombee macho. Alikuwa mpole kwa hilo, ila mmoja alipopiga kelele sana sikioni mwake, Mwalimu alisema, "Pasta, ugonjwa uko machoni. Masikio ni mazima, tuyaachie."

Alikuwa na mambo yasiyopatana. Mtu aliyekataa kugusa neno la marehemu aliwadanganya walio hai bila aibu. Kila kwaya aliiambia imeimba vizuri, na ikishaondoka alijishika kichwa. Alivaa saa ya mkono aliyoshindwa kuisoma, akaitazama watu wakichelewa. Hakutaka kushikwa mkono kuvuka barabara, lakini kila asubuhi alimnyooshea mke wake mguu amfungie kamba za viatu kama mtoto wa chekechea. Na mtu huyo aliyependa uhuru namna ile aliweka kufuli nje ya mlango wake mwenyewe. Sivyo. Niseme ukweli: aliwekewa.

Katika mwaka wetu wa tano, mtu aliingia chumbani mwake mchana, Mwalimu akiwa amevaa hedifoni. Hakusikia wala hakuona. Mtu huyo alichukua kompyuta ya pili, nzima, iliyokuwa nusu mita kutoka kiwiko chake, akaondoka. Mwalimu aligundua pale alipotandaza mkono mezani na kukuta vumbi lenye umbo la kompyuta. Nilikuwa upande wa pili wa bati, nashona.

Baada ya hapo mke wake alinunua kufuli kubwa. Kila asubuhi alimleta saa mbili, akafunga kwa nje, akaenda shamba, akarudi saa saba. Komeo la ndani alilikataa, kwa sababu kisukari kilikuwa kimeshamwangusha Mwalimu mara mbili. "Akianguka akiwa amejifungia," alisema, "tutaingilia wapi?" Ufunguo wa pili alinipa mimi. Makubaliano yalikuwa kwamba Mwalimu akibisha bati mara tatu, nimfungulie aende choo, au apokee mteja. Niliahidi. Niliuvaa shingoni kwenye uzi.

"Hukasiriki?" nilimuuliza siku za kwanza.

"Nakasirika," akasema. "Halafu nafanya kazi. Halafu nakasirika tena."

Mwaka uliofuata uzi ule ukapata ufunguo wa pili. Mama yangu, mwaitu kwa Kikamba, alikuwa ameanza kusahau. Kaka zangu wawili walio nyumbani Matiliku walisema wake zao wamechoka kumtafuta porini, nami nikaenda kumchukua. Tulisafiri siku nzima, tukapitia Kitui, akiniuliza kila kituo kama tumefika nyumbani. Nilipanga chumba Zombe, hatua mia tatu kutoka kibandani. Wiki ya kwanza alitoroka. Wachota maji walimkuta katikati ya mto wa mchanga, amebeba kiondo kitupu, anawaambia anakwenda Matiliku kabla mvua haijaanza. Wiki ya pili walimkuta tena hapo hapo. Wiki ya tatu nikanunua kufuli. Sikutafuta njia nyingine. Nilikuwa nimeliona kufuli la Mwalimu likifanya kazi.

Ni Mwalimu aliyenishauri nimrekodi mama angali na sauti. "Washa simu, iweke juu ya shuka, isikae mezani. Halafu toka nje. Mtu akitazamwa huongea kama yuko kortini." Nilifanya hivyo Jumamosi moja. Niliwasha simu, nikatoka kwenda kuteka maji, na kwa mazoea nikafunga mlango. Niliporudi mama alikuwa amelala, simu inaendelea. Sikuisikiliza. Miezi minne baadaye aliugua kifua, akafa hospitalini Kitui nikiwa nimemshika mguu.

Kaka yangu mkubwa, ambaye ni mzee wa kanisa, alipiga simu akasema, "Tunataka sauti ya mwisho ya mama. Watu ni wengi, usituaibishe." Ndipo nikaketi nikasikiliza.

Mama aliongea Kikamba, naandika kwa Kiswahili. Aliimba kidogo. Alitaja ng'ombe waliokufa zamani. Aliwashukuru kaka zangu kwa majina. Kisha akasema hivi: "Na huyu msichana wangu wa Zombe." Akavuta pumzi. "Hunifungia mlango kwa kufuli. Nasikia kufuli, halafu nasikia viatu vyake vikienda. Nabisha mpaka mkono unaniuma. Mimi nataka kwenda nyumbani. Mungu ambariki, ananipikia vizuri."

Nilifungua mlango wa Mwalimu kwa ufunguo ulio shingoni mwangu, nikampa simu. Alisikiliza dakika arobaini zote. Sekunde ya kwanza tu alisema, "Hilo ni kufuli. Kubwa, kama langu." Ilipoisha aliihamishia kwenye kompyuta, akatoa nakala.

"Unataka niondoe vikohozi," akasema.

"Na hayo ya mlango."

Nilimwambia kwamba kaka zangu walinipa mama kwa sababu walishindwa, na sasa mbele ya kanisa zima nitakuwa mtu aliyemfungia kama mbuzi. Nilimwambia sitaweza kurudi nyumbani tena. Nililia, na sikuwa najifanya.

"Mikono yangu haikati maneno," akasema. "Yako sijui."

Kisha alifanya jambo ambalo mpaka leo sijui kama lilikuwa huruma au hukumu. Alisogeza kiti, akaniketisha, akavaa hedifoni upande mmoja na kuniachia upande wa pili. Alisonga kwa mshale, kidogo kidogo, mpaka akapata mahali.

"Pumzi ni hii. Anza baada yake."

Nilibonyeza kile chenye sweta. Akasonga tena mpaka neno "nyumbani" likaisha. Nilibonyeza chenye khaki.

"Sasa kufuta ni kile cha juu, mwisho kulia. Ni kibonye kimoja. Hakina uzito wowote."

Nilikibonyeza. Ni kweli, hakikuwa na uzito. Akacheza, na mama akasema, "Na huyu msichana wangu wa Zombe," akavuta pumzi, "Mungu ambariki, ananipikia vizuri." Huwezi kujua.

"Na ile nzima?" nikamuuliza. "Ifute pia."

"Ile nzima ni ya mama yako."

Matiliku palijaa. Sauti ya mama ilipotoka kwenye spika watu walisimama, na ilipofika kwangu, pale alipovuta pumzi, pakawa kimya hata watoto wakanyamaza. Mhubiri alishika maiki mara tu ilipoisha.

"Mmesikia pale? Mama yetu alitaja binti yake, akavuta pumzi, akanyamaza! Alikuwa anaona nini, wapendwa? Nawaambia malaika walikuwa wamesimama mlangoni!"

"Amina!"

"Mlangoni kwa binti aliyemtunza!"

"Amina!"

Kaka yangu mkubwa alinishika bega mbele ya watu wote akalia. Wanawake walikuja kunisalimu kwa mikono miwili. Tangu siku hiyo kanisani kwetu husema "pumzi ya mama", wakimaanisha ile aliyoivuta baada ya kunitaja. Nilikuwa nimeogopa kufukuzwa nyumbani. Sasa nilikaribishwa, na kila nilipokaribishwa nilitamani kutoka.

Niliporudi Zombe nilianza kumchukia Mwalimu. Sina neno zuri la kuweka hapo. Hakuwa amefanya lolote. Alinisalimia vile vile, alinitania vile vile. Lakini ndani ya kile chumba, kwenye ile kompyuta isiyo na kioo, mama yangu alikuwa bado anabisha mlango. Nilimwomba tena afute. Alikataa tena, kwa upole. Nikawa nasikia ile sauti ya Kiingereza ya haraka kupitia bati na kudhani inasoma jina langu.

Siku moja, mwezi wa pili baada ya mazishi, Mwalimu alibisha mara tatu. Nilikuwa nakunja pindo la sketi. Nikasema moyoni, namaliza pindo hili. Akabisha mara tatu tena. Nilimaliza pindo, nikachukua sketi nyingine. Nilimsikia. Sitaki mtu anayesoma hapa adhani cherehani ilikuwa na kelele. Nilimsikia vizuri, nikakanyaga kwa nguvu zaidi.

Hakuita jina langu. Alibisha, akaacha, akabisha. Sketi ya pili ikaisha, nikaanza ya tatu. Kisha kubisha kukarudi kukitoka chini zaidi kwenye bati, pole pole, na nikaelewa kwamba ameketi sakafuni. Hapo ndipo nilipoyasikia yale maneno, nabisha mpaka mkono unaniuma, na ni mama aliyekuwa anayasema upande wa pili, na mimi nilikuwa upande ule ule niliokuwa siku zote.

Nilifungua. Alikuwa ameegemea bati, suruali imelowa, uso una jasho, midomo inatetemeka kwa kupungukiwa sukari. Nilimpa chai yangu nikaongeza vijiko vinne. Alikunywa yote. Kisha akasema:

"Cherehani yako leo ilikuwa karibu sana, Mama Yunifomu."

Nilimfulia suruali, nikamshonea kaptura ya khaki ya haraka ya kuvaa ikikauka. Mke wake alipokuja saa saba alimkuta amevaa kama mwanafunzi, akacheka mpaka akakaa chini. Mwalimu alimwambia amejimwagia chai. Alinidanganyia.

Kesho yake niliburuta cherehani mpaka kwenye baraza la mlango wake. Nilishona pale, mlango wazi mgongoni mwangu, kufuli limening'inia bila kufungwa. Mke wake aliuliza, "Na kufuli?" Nikamwambia, "Kufuli ni mimi." Alinitazama, akatazama cherehani, akarudi shambani. Miaka miwili nilikaa hivyo. Hakuna aliyeiba kitu. Mwalimu akitaka ukimya alisema tu "Mama Yunifomu," nami nikaondoa mguu. Kutoka hapo niliona vidole vyake vikifanya kazi, nikajifunza vibonye vyote bila kufundishwa.

Siku ya kwanza pale barazani nilitazama nafasi iliyokuwa kando ya cherehani. Ilitosha kiti kimoja. Mama angekaa pale na kikombe cha uji, akitazama watu wa soko, na akiinuka ningemshika nguo. Hatua mia tatu tu. Wazo hilo halikuwahi kunijia.

Mwaka jana mwanzoni kiharusi kilimchukua Mwalimu mkono wa kulia na nusu ya uso. Akaacha kuja sokoni. Vibonye vingine vinahitaji mikono miwili, mmoja ushike Kontroli na mwingine ubonyeze, na mke wake aliniambia kwamba anakaa kitandani na kibodi mapajani, anacheza sauti za zamani, anafika kwenye kikohozi, anashindwa, anarudi mwanzo. Wiki ya tatu aliniita nyumbani kwake, mwendo wa nusu saa nje ya soko. Mke wake alikuwa uani anapepeta ndengu. Mwalimu alikuwa amevalishwa saa yake.

"Umechelewa," akasema, akiitazama. Maneno yalitoka upande mmoja wa mdomo.

"Ulisema saa nne."

"Kwa mwalimu hiyo ni saa tatu na nusu. Keti. Leo narekodi yangu."

Nilitaka kutoka nje kama alivyonifundisha. Akasema nisitoke. Niliweka maiki juu ya shuka, nikawasha. Aliongea dakika kumi na moja, akipumzika mara nyingi. Aliwaaga wanafunzi wake. Aliziomba kwaya msamaha kwa uongo wote alioziambia. Alimshukuru mke wake kwa kila kamba ya kiatu. Kisha akasema hivi:

"Nilifungiwa kwa kufuli muda mrefu, na walionifungia walinipenda. Siku moja nilibisha, na jirani yangu Mama Yunifomu alinisikia akaendelea kushona. Baadaye alifungua, na hakufunga tena. Mama Yunifomu, asante kwa mlango."

Nilizima. Ndengu ziliendelea kuruka kwenye ungo uani.

"Sasa safisha," akasema.

Nilitoa nakala kwanza. Niliondoa kikohozi kimoja baada ya kingine, yeye akisikiliza kwa sikio la kushoto na kuitikia kwa kichwa. Jogoo nikamwondoa. Pumzi niliziacha zote. Kisha tukafika pale, na kidole changu kilikuwa juu ya sweta. Kitambaa kilikuwa kimechakaa, kimebaki nyuzi. Nilijua kwamba ningeweza kutoa sentensi moja tu, ile ya kushona, na kuacha asante. Ingekaa vizuri. Watu wangelia.

Mwalimu aliacha kuitikia.

"Mimi sioni unachofanya," akasema.

"Lakini unasikia."

"Nasikia kibonye."

Nilimwambia, "Mwalimu, siku ile nilikusikia tangu mara ya kwanza." Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulisema.

"Bati ni nyembamba," akasema. "Nilijua."

Nilibonyeza Kontroli na S. Ile sauti ya haraka ikasema kwamba imehifadhi, na yeye akafumba macho kama mtu aliyemaliza kula. Kabla sijaondoka alimwambia mke wake anipe fleshi moja iliyofungwa kwenye kitambaa, iliyokuwa chini ya mto wake. Sikuuliza ni ya nini. Mwalimu alikufa wiki mbili baadaye.

Alizikwa nyumbani kwake. Kaka yangu mkubwa alitoka Matiliku kuja kumzika, kwa sababu kwake Mwalimu alikuwa mtu aliyetuletea pumzi ya mama. Alisimama mbele na wazee. Spika ilipofunguliwa Mwalimu alizungumza kwa nusu ya mdomo wake, na alipotaja jirani aliyesikia akaendelea kushona, vichwa vya watu wa Zombe viligeuka kimoja kimoja mpaka vikanifikia. Kaka yangu aligeuka wa mwisho.

Baada ya udongo alikuja mahali nilipokuwa nimesimama.

"Mama Yunifomu ni wewe?"

"Ni mimi."

"Ulimsikia kipofu anabisha ukamwacha?"

"Ndiyo."

"Kwa nini, msichana wetu? Wewe uliyemtunza mama?"

Nilivua uzi shingoni. Funguo hazikuwepo tena, nilikuwa nimefunga fleshi mahali pake. Nilimwekea mkononi, nikamwambia ni ya mama. Aliigeuza geuza.

"Hii ni sauti ya mama? Si tulishaisikia?"

"Hiyo ni nzima, kaka."

Watu walikuwa wanapita kando yetu wakienda kula.

"Na pale anapovuta pumzi?" akauliza.

"Anavuta pumzi," nikamwambia. "Halafu anaendelea kusema."